Kipya Kinyemi

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo kwa muda wa miezi 14 zilikuwa zikigombana kichwani mwangu. Ya kwanza yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu asiyepata kuuza nyumba kongwe katika zama hizi za majengo mapya aweza kuzisema zote mbili kwa pumzi moja asione kuwa zinapingana. Mimi nimeziona zikipingana, na ugomvi wao ulifanyika ndani ya nyumba ya marehemu baba yangu.

Nyumba yenyewe iko Sokomuhogo, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Si kasri. Haina mlango wa nakshi ambao watalii husimama kuupiga picha. Mlango wake ni wa mbao nene zisizochongwa, na mbele yake pana baraza mbili za mawe, moja kila upande. Ukivuka daka waingia ukumbini, kisha vyumba viwili virefu vyembamba, ua mdogo wenye birika la maji, na ngazi ya mawe iendayo ghorofani kwenye vyumba vitatu. Baba aliinunua mwaka 1983. Sisi watoto wake watatu tulikulia humo, na Mama alikaa humo hadi nywele zake zikawa nyeupe zote.

Baba alifariki mwaka 2019. Tulipokwenda kwa kadhi, mirathi ilikuwa nyepesi kuihesabu na nzito kuigawa. Mjane hupata thumni. Kinachobaki huenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kwa kuwa tulikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja, nyumba ikawa mafungu 40: Mama 5, kaka yangu 14, mimi 14, na dada yetu mdogo 7. Karatasini haki ilitimia. Lakini nani atakata chumba akichukue mkononi? Ngazi ya mawe haigawanyiki kwa 40. Tukakubaliana kuiuza.

Haja ya fedha ilikuwa ya dada kuliko ya sote. Alikuwa ameshaweka arubuni ya fleti ya vyumba viwili katika mojawapo ya miradi mipya nje ya mji, na malipo yaliyobakia yalikuwa na tarehe zake. Ndipo nilipotambua kioja cha jambo letu: nyumba yetu ilikuwa ikishindana sokoni na fleti zile zile ambazo fedha zake zingekwenda kuzinunua.

Dalali tuliyemtafuta alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kiua na daftari lililochakaa. Alizunguka nyumba nzima bila kusema neno, akapanda hadi juu, akashuka, akaketi barazani. Mama akamletea kahawa.

“Bi Mkubwa,” akasema, “nyumba nzuri. Lakini nisikufiche. Zamani nilikuwa nikiuza nyumba ya mjini kwa kushindana na nyumba nyingine ya mjini. Siku hizi nashindana na picha.”

Tuliyaelewa maneno yake baadaye. Tangu katikati ya miaka ya 2010, mji mpya umekuwa ukijengwa kwenye rasi ya Fumba, na baada yake miradi ya fleti imechomoza hata pwani ya mashariki. Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa imeshafungua njia, kwa kumwezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la watu wengi. Mjenzi wa majengo haya ana ofisi yenye kiyoyozi na kijana mtanashati wa kukupokea. Ana michoro inayoonyesha sebule yenye jua la asubuhi, ilhali ukienda kwenye kiwanja utakuta mchanga na nondo. Ana karatasi zilizokwisha kupangwa. Juu ya yote, ana subira ya fedha: mnunuzi hulipa kidogo kidogo kadiri jengo linavyopanda. Sisi warithi wanne, kila mmoja akingojea fungu lake, hatukuweza kumwambia mtu atulipe kwa miaka mitatu.

Dalali alitupa nasaha nne, nami naziandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayefikwa na jambo hili. Kwanza, tupange karatasi: hati ya Baba ya kununulia, uamuzi wa mirathi, na kumbukumbu za Ofisi ya Ardhi, kwani mteja aliyekwisha kuona karatasi safi za mjenzi hatangojea zetu. Pili, tutoe nje makorokoro ya miaka 36, ili vyumba vionekane upana wake. Tatu, tuzibe paa na tuuzibue mlizamu kabla ya masika. Nne, tusipange bei kwa mapenzi yetu. “Mapenzi hayana mnunuzi,” alisema.

Tatu za mwanzo tulizifuata. Ya nne ilitushinda. Tulipanga bei tuliyoona inaifaa heshima ya Baba, tukakaa kungojea.

Walikuja watu. Walikuja mume na mke waliorejea kutoka Maskati, nao walikuwa wameshika kijitabu cha fleti chenye kurasa za kung’ara. Kila tulipowaonyesha chumba, mke alikifungua kijitabu chake. Gari litawekwa wapi? Umeme ukikatika kuna jenereta? Mbona chumba ni chembamba hivi? Nilitamani kuwaeleza kwamba upana wa chumba haukuamuliwa na ubahili wa mtu. Nyumba za mawe za mwambao hufunikwa kwa boriti za mikoko zinazolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti yenye nguvu haizidi sana mita tatu; basi chumba nacho hakizidi urefu wa mti wake. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu hadi Ghuba, na huko nako zikapima upana wa vyumba vya watu. Yule bwana wa Maskati huenda aliwahi kulala chini ya boriti za kwetu. Lakini mteja aliyekuja kuuliza mahali pa gari hangojei hadithi ya mikoko. Walitushukuru, wakaenda zao.

Alikuja na mtu aliyetaka kuifanya nyumba ya wageni. Akahesabu vyumba, akahesabu vyoo, akaona hesabu haimlipi. Wakaja vijana wawili waliofunga ndoa karibuni, wakaipenda nyumba kwa dhati, lakini hawakuwa na fedha za kulipa kwa mkupuo. Nikawaona wakitoka, nami nikajua watakwenda wapi.

Kisha ikaja tarehe 25 Disemba 2020. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo kila mtoto wa Unguja amelitumia kama dira ya kurudia kwao, ilianguka mchana, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile tulilia kama watu waliofiwa. Lakini wiki zilizofuata nikagundua kuwa msiba ule umeingia hadi ukumbini mwetu. Kila mteja aliyekuja alitazama juu kabla ya kutazama pembeni. Walikuwa wakigonga kuta kwa vifundo vya vidole, kama mtu anavyogonga nazi. Ya kwamba Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 haikuwatuliza. Ilizidi kuwatia hofu, maana waliuliza kama watahitaji ruhusa kubadilisha dirisha. Ndiyo, watahitaji: kuna mamlaka ya kuuhifadhi mji huu iliyoanzishwa mwaka 1985, na hakuna ajengaye ndani yake apendavyo. Mjenzi wa nje ya mji hana swali hilo la kujibu.

Hapo kaka yangu akachoka. Alikuja asubuhi moja na fundi kijana na hesabu ya mifuko ya saruji. Mpango wake ulikuwa kubandua chokaa yote ya chini, kupiga lipu ya saruji, kufunika boriti kwa dari ya jipsamu, na kutandika vigae vinavyong’ara. “Wanataka mpya,” alisema, “tuwape mpya.”

Sikumpinga. Nakiri kuwa nilifurahi. Aliyepinga ni mwashi mmoja mzee, rafiki wa Baba, ambaye Mama alimwita bila kutuambia. Mzee yule aliweka kiganja chake ukutani, kama tabibu awekavyo mkono kwenye kipaji cha mgonjwa, akamweleza kaka kwa upole.

“Mwanangu, ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chini hauna kizuizi. Unakunywa maji ya ardhi, na maji yana chumvi. Chokaa inayaacha yatoke. Ukiivika saruji umeliziba tundu la jasho. Maji hayatakoma kupanda, ila hayatapata pa kutokea, basi yatapanda juu zaidi mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti zitaoza ndani ya ukuta wala hamtaziona. Na siku saruji itakapobanduka, itabanduka na uso wa jiwe. Mtakuwa mmempa mtu nyumba inayopendeza kwa miaka mitano.”

“Miaka mitano inatutosha kuiuza,” kaka akajibu, nusu kwa mzaha.

Mzee akamtazama, kisha akamtazama Mama. Hakusema kitu tena. Mama ndiye aliyemrudisha fundi kijana na mifuko yake.

Msomaji mpendwa, usidhani kuwa nasimulia haya ili kumtia kaka yangu aibuni. Kosa lake lilikuwa la wazi na lilizuiwa. Langu nililifanya usiku.

Katika chumba cha nyuma, cha chini, ukutani karibu na dari, palikuwa na baka la unyevu lenye upana wa sinia. Lilianza zamani, wakati mlizamu ulipoziba. Tulikwisha kuuzibua, lakini boriti moja iliyopitia pale ilikuwa imelainika kichwani. Ukiitia ncha ya kisu, kisu kinaingia. Nililijua hilo tangu tulipoanza kusafisha. Dalali alipotuarifu kwamba kesho yake angekuja mteja wa kweli, mwenye fedha taslimu, mimi mwalimu wa skuli, niliyesomesha watoto wa watu kwa miaka 20 na kuwaambia wasiibe mtihani, nilinunua kopo la rangi nyeupe, nikalipaka baka lile, nikapigilia msumari, nikatundika kalenda.

Mteja alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa bwana wa makamo, mpole, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi. Walikwisha kuziona fleti, wakasema bila kuficha kuwa wanazipenda: ngazi safi, maji hayakatiki, watoto wana mahali pa kuchezea. Ila mkewe alikuwa akifanya kazi Mnazi Mmoja, zamu za usiku, na alitaka nyumba ambayo angeweza kwenda kazini kwa miguu na kurudi. Walikagua chumba baada ya chumba. Tulipofika chumba cha nyuma nilijipanga nisimame mbele ya kalenda, nikaanza kusifu ubaridi wa chumba.

Mama alikuwa mlangoni, amejishika kizingiti. “Mwanangu,” akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, “ondoa kalenda hiyo, baba aone ukuta.”

Sijui kama nimewahi kusikia kimya kirefu kama kile. Nikaiondoa. Rangi mpya ilikuwa imekauka vibaya, ikawa nyeupe zaidi ya ukuta wote. Baka lilionekana wazi kuliko kabla ya kulipaka. Mama akawaeleza: mwaka mlizamu ulipoziba, maji yalipoingilia, boriti ipi imelainika, na ipi Baba alikwisha kuibadilisha zamani na kwa mti gani. Akawaonyesha mahali pengine ambapo mimi sikupajua, chini ya ngazi. Kisha akawaambia ukuta upi hubaki baridi hata mwezi wa Januari, dirisha lipi hupokea kaskazi, na kwamba jirani wa kushoto ni msumbufu wa maneno lakini ndiye atakayekuja wa mwanzo mtoto akiugua usiku.

Bwana yule alishukuru, akasema watatafakari. Walipotoka nilimgeukia Mama. Nilitaka kumwambia kuwa ametupotezea mteja na kwamba tarehe ya dada imekaribia. Akanitangulia. “Hukusoma chuoni wewe?” akaniuliza. “Mwenye kuuza chenye aibu huibainisha.”

Nilikuwa nimesoma. Katika fikihi, mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana khiyari ya kukirudisha. Na mafakihi, hasa wa madhehebu ya Hanafi, wameruhusu pia mkataba wa istisnaa, ambao mtu hununua kitu ambacho bado hakijatengenezwa, mradi sifa zake zitajwe. Usiku ule niliwaza kuwa pengine hapo ndipo ilipo tofauti kati yetu na mjenzi. Yeye huuza sifa za kitu kitakachokuwako. Aibu zake hazijazaliwa, na hata akiwa mwaminifu hawezi kuzitaja. Sisi tulikuwa tukiuza kitu kilichokwisha kuishi. Aibu zake tulizijua kwa jina, mahali na mwaka. Mimi niliuona ujuzi huo kuwa ndio udhaifu wetu, nikaufunika kwa kalenda.

Zilipita wiki tatu. Nilikwisha kukata tamaa dalali alipotupigia simu. Yule bwana amerudi, na safari hii amekuja na mwashi wake, na mwashi wake ni yule yule mzee rafiki wa Baba, kwani waashi wa chokaa waliobakia mjini si wengi. Walipiga hesabu ya boriti, chokaa na ujira, wakaikata katika bei, wakakata na zaidi kidogo. Ilikuwa chini ya bei yetu ya mwanzo kwa sehemu moja katika sita. Kaka alinung’unika. Mama akasema bei ile ya mwanzo ilikuwa ya mapenzi, na hii ni ya nyumba. Tukakubali.

Siku ya kutia saini nilimuuliza bwana yule, kwa faragha, kwa nini hakuchukua fleti. Hakusifu uzee wa kuta wala urithi wa dunia. Alisema: “Kule niliambiwa kuwa kila kitu kizuri. Hapa niliambiwa kibaya ni kipi, nikajua gharama yake. Nikaweza kulala.”

Mafungu 40 yakagawiwa. Dada alijumlisha mafungu yake 7 na 5 ya Mama, akamaliza malipo ya fleti. Mjenzi alichelewa miezi saba kuliko alivyoahidi, nao kwa muda huo walikaa kwangu, wamebanana na wanangu. Lakini fleti ilikwisha, na sitakuwa mkweli nikisema kuwa ni mbaya. Maji yapo. Mama hapandi tena ngazi ya mawe kwa magoti yanayouma, maana wako chini. Dada amepata mlango ambao ufunguo wake ni wake mwenyewe, jambo ambalo fungu 7 katika 40 lisingempa kamwe Sokomuhogo. Anayedhani kuwa watu huihama nyumba kongwe kwa sababu wamesahau asili yao hajawahi kugawa mirathi.

Kitu kimoja tu Mama alikikosa. Nyumba mpya hazina baraza. Mlango wa fleti wafungukia ukumbi mrefu wenye taa, ambao watu hupita upesi wakitazama simu zao. Mwezi wa mwanzo alikaa ndani. Mwezi wa pili alitoa kigoda, akakiweka nje ya mlango wake, akawa anachambua mchicha hapo kila alasiri na kumsalimu kila apitaye. Msimamizi wa jengo alikuja kumwambia kwa adabu kuwa ukumbini hapawekwi vitu. Mama akamjibu kuwa yeye si kitu, ni mtu. Msimamizi akacheka, akaondoka. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta vigoda vitatu.

Methali zangu mbili bado hazijapatana, nami nimeacha kuzipatanisha. Kipya kina unyemi wake, na wala si lazima kiwe kidonda. Kizuri nacho, ikiwa ni kikongwe, hakijiuzi chenyewe. Kinahitaji wa kukisema, na akisemee ukweli wote, baka na baridi pamoja. Mara moja moja hupita Sokomuhogo nikitoka skuli. Lile baka limechimbwa na kutiwa chokaa mpya, boriti imebadilishwa, na barazani hukaa wanawe yule muuguzi wakifanya hesabu zao. Hunisalimu, “Shikamoo, Maalim.” Nami huitikia marahaba, nikaendelea na njia yangu, maana hapo si kwetu tena.